Kuleiti Bondeni Skelgarth

Ofisi ya Kamusi ya Lahaja,
Cheltenham.
9 Februari 1897

Bi Hannah Mounsey mpendwa,

Hatimaye tumetoka kwenye herufi K tukiwa hai, ingawa Profesa Stannard anakohoa na mimi macho yamebaki mekundu kama ya sungura. Sasa tuko L, na kwenye L kuna kitenzi ambacho nimekuwa nikikingoja kwa hamu. Kwenu mnakitamka «leiti».

Asili yake tunaijua. Kililetwa na watu wa kaskazini waliovuka bahari na kushuka mabondeni kwenu zamani sana, na mzizi wake wa kale kabisa ulikuwa kutazama tu. Baadaye kikawa kutazama huku na huku, yaani kutafuta kilichopotea. Huku kusini hakuna anayekijua. Nilipokitamka kwa mama mwenye nyumba wangu, Bi Gadsby, alidhani nasema Kifaransa, akauliza kama nataka maziwa.

Ninachokosa ni sentensi zilizo hai. Niandikie vile inavyosemwa nyumbani kwako, nani kasema, na lini. Nimesikia fununu pia kwamba huko milimani kina maana ya kualika watu. Je, ni kweli, na ni kualika kwa namna gani?

Msalimie Lanty. Mwambie maneno aliyoyaandika kwa penseli nyuma ya kikaratasi chako cha mwisho cha mifano («neno hili hutumiwa na wazee na kondoo tu») yalisomwa kwa sauti ofisini, na Profesa mwenyewe alicheka. Akiendelea hivyo, huyo kijana wako atatunyang'anya kazi.

Wako mtiifu,
Edwin Pargeter


Gillhead, Skelgarth.
17 Februari 1897

Bwana Pargeter,

Barua yako imefika. Sentensi ni hizi.

«Tumeleiti mpaka mwamba wa juu, hakuna kitu.» Kasema Gawen Birkett wa Hollins, mlangoni pangu, mwezi uliopita.

«Tutaleiti tena kukipambazuka.» Yeye huyo huyo, jioni hiyo.

«Acheni sasa. Msileiti tena, theluji itawaua na ninyi.» Nimesema mimi, siku nyingine, kwa wanaume wote waliokuwa uani.

«Mbwa bado analeiti.» Hii hakuna aliyeisema. Niliifikiri tu nikiwa dirishani. Kama haifai kwa sababu haikutamkwa, itupe.

Ile maana ya kualika ipo. Nitaiandika siku nyingine.

Lanty hayupo nyumbani. Theluji bado ipo.

H. Mounsey


Cheltenham.
22 Februari 1897

Bi Mounsey mpendwa,

Umenifurahisha kuliko ninavyoweza kusema. Nina vikaratasi kutoka nchi nzima, na vingi vimeandikwa na makasisi waliosikia neno kwa mpishi wao. Vya kwako vina pumzi. Ile ya mbwa nimeihifadhi. Profesa anasema sentensi iliyofikiriwa si ushahidi, nami nimemwambia basi aje amhoji mbwa.

Niambie, huyo kondoo alipatikana? Nimeshikwa na hamu ya kujua. Watu kupanda mpaka mwamba wa juu, tena kurudi alfajiri, bila shaka alikuwa wa thamani. Lanty akirudi na atuandikie yeye mwenyewe. Nina hakika atakuwa na lake la kusema.

Ile maana ya kualika usiisahau. Pengine nimemwuliza swali hilohilo mtu mwingine wa bonde lenu. Sitakutajia jina, na yeye sitamtajia lako. Ndiyo kanuni ya ofisi hii: mashahidi wawili wa mahali pamoja hawaonyeshwi maneno ya wenzao, maana wakishayaona wataanza kukubaliana kwa adabu na ukweli utapotea. Profesa ameshamfukuza mtu kazi kwa kuivunja kanuni hiyo.

Wako,
Edwin Pargeter


Hollins, Skelgarth.
26 Februari 1897

Wewe bwana wa kamusi,

Umeniandikia mara mbili na mara zote mbili nimewashia jiko. Hii ya tatu mke wangu Dinah ameificha, anasema ni utovu wa adabu kutokujibu. Haya, najibu.

Kuleiti ni kutafuta. Mtoto wa miaka miwili anajua hilo, na nyinyi mmekaa ofisi nzima na wino na makaa ya bure mkilitafuta. Halafu ni kualika. Lakini huwezi kuleiti watu waje kula keki. Unaleiti watu wa msiba. Kila nyumba hapa ina nyumba zake za kuleitiana, tangu babu wa babu, na hizo zote lazima zialikwe mtu akifa. Ukiiruka moja, umewatukana mpaka wajukuu. Na asiyeleitiwa hatii mguu. Kuingia nyumba ya msiba bila kuitwa ni kama kumpora maiti viatu.

Namna yenyewe ni hii. Mwenye msiba hatoki. Anamtumia neno jirani mmoja aje, anamwambia «Nizungukie», naye anazunguka mlango kwa mlango.

Unataka mfano ulio hai. Ninao, ingawa hai si neno lake. Mwezi uliopita Lanty Mounsey wa Gillhead alipanda mlimani kuteremsha kondoo, tufani ya theluji ikamkuta huko, hakurudi. Tuliacha kila kitu tukapanda. Tulileiti mpaka vidole vikawa vyeusi. Mimi kimoja nimekipoteza. Kijana yule alikuwa ananikatia manyoya kila kiangazi, na kwa kejeli hakuwa na mwenzake, na nilimpenda kuliko ninavyompenda mpwa wangu mwenyewe. Mama yake akasimama uani akasema tuache. Tukaacha.

Tangu siku hiyo tunangoja aseme neno. Nyumba zote zinangoja. Nguo nyeusi ya Dinah imetundikwa nyuma ya mlango. Neno haliji. Sisi ni nani tumwambie mama mtu kwamba mwanawe amekufa kabla hajasema mwenyewe? Lakini nami nakwambia kweli, inauma. Tumemkosea nini Hannah hata atunyime kumlilia mtoto?

Andika hayo kwenye kamusi yako.

Gawen Birkett


Cheltenham.
2 Machi 1897

Bi Mounsey,

Nimepata habari leo, kwa njia nisiyoweza kuitaja. Nimezisoma upya sentensi zako nne, nikaisoma na nakala ya barua yangu iliyokuuliza habari za kondoo. Sijui nitaziombeaje msamaha hizo hamu zangu na hayo mabembelezo yangu kuhusu Lanty. Naona haya kubwa.

Pole. Huku kwetu neno hilo ni dogo na sina kubwa kuliko hilo. Nilimjua mwanao kwa penseli tu, na bado nimekaa hapa na kalamu mkononi nikiwa sina nguvu ya kuandika kitu kingine.

Kitenzi na kisubiri. Usijisumbue kunijibu.

Edwin Pargeter


Gillhead, Skelgarth.
9 Machi 1897

Bwana Pargeter,

Usione haya. Wewe ndiye mtu pekee aliyeuliza habari zake kama yupo. Nilisoma mara nyingi pale ulipoandika «Lanty akirudi».

Nitakujibu ile maana ya kualika, kwa sababu niliahidi na kwa sababu mikono inataka kazi. Siagi nimeshatengeneza, hakuna wa kuila.

Mimi si wa Skelgarth. Nimezaliwa Thorsdale, ng'ambo ya mlima, nikaolewa huku. Kwetu, mtu akifa, jirani wa karibu huja mwenyewe jioni ile ile. Hapigi hodi. Anasimama kizingitini anauliza, «Nileiti?» Mwenye nyumba anasema ndiyo, naye anakwenda kualika. Neno zima la mfiwa ni hilo, ndiyo. Nadhani waliona ni ukatili kumtaka aseme zaidi. Mume wangu alipofariki, mama mkwe aliyashughulikia yote; mimi nilikuwa kitandani na Lanty mchanga, sikuona kilichofanyika.

Safari hii hakuja mtu. Nilikaa nimeuelekea mlango. Nilifikiri labda theluji. Njia ikafunguka, nikamwona Gawen Birkett akipita na mkokoteni, akageuza uso. Dinah Birkett kanisani alinishika mkono akauachia haraka kama umemchoma. Sasa nimeacha kwenda. Kasisi naye amesema bila mwili hana la kusoma.

Nimejua maana yake. Wananilaumu kwamba nilimruhusu apande siku ile, au kwamba niliwaambia waache. Wamenitoa kwenye nyumba zao za kuleiti. Kwa mtu wa huku hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo, na wameitoa bila kelele, kama wanavyofanya kila kitu.

Sisikii uchungu, kama unataka kujua. Sisikii kitu. Nachota maji, nawasha moto, nalala. Dada yangu aliyeko Barrow ana chumba. Kondoo watauzwa pamoja na shamba, na mimi nitatoka hapa mwisho wa mwezi huu. Ukitaka maneno mengine ya herufi L, uliza kabla ya hapo. Barrow wanasema kama watu wa mjini tu.

Hannah Mounsey


Cheltenham.
12 Machi 1897

Bi Mounsey,

Barua yako ilifika asubuhi, nimeiweka mezani kando ya nyingine kama tunavyofanya na vikaratasi vyote viwili-viwili, tukitafuta wapi mashahidi wanatofautiana. Kazi yangu ni hiyo tu, bibi. Sijui kupanda mlima, sijui kuliwaza. Najua kuona mahali ambapo watu wawili wanatumia neno moja na kila mmoja anadhani mwenzake analitumia kama yeye.

Ndani ya bahasha hii utakuta ukurasa ulioandikwa na mtu wa Skelgarth. Si nakala, ni wenyewe. Sina ruhusa ya kuutuma. Profesa yuko chumba cha pili hivi ninavyoandika, namsikia akikohoa, na nikichelewa nitaanza kufikiri, na nikifikiri sitautuma.

Usome taratibu. Ukifika mahali anapoeleza namna mtu anavyoalikwa bondeni, usome tena. Kwenu Thorsdale jirani huja kuuliza. Kwao Skelgarth mfiwa ndiye anayemwita jirani. Hakuna aliyekutoa popote. Wote wameketi na nguo nyeusi nyuma ya mlango wakikungoja, na wewe umeketi ukiwangoja wao.

Najua ninalokutaka ulifanye ni zito. Kwa desturi yao itakubidi useme zaidi ya ndiyo.

Usiondoke kwenda Barrow kabla hujausoma.

E. P.


Hollins, Skelgarth.
20 Machi 1897

Pargeter,

Wewe ni mmbea. Mtu anakuandikia siri ya moyo wake kuhusu kidole chake na mpwa wake, unaitia bahasha unaipeleka nyumba ya pili. Kama kamusi yenu yote imetengenezwa hivyo, Mungu atusaidie.

Haya, sikiliza yaliyotokea.

Tulikuwa mezani. Mlango ukafunguliwa bila hodi, na kizingitini yuko Hannah Mounsey, matope mpaka magotini, ameshika karatasi. Nikaruka.

«Hannah! Umetoka? Mwenye msiba hatoki!»

«Nani kasema nina msiba?» akasema.

Dinah akadondosha kijiko. Mimi nikakaa tena.

«Huu mwandiko wako, Gawen?»

«Ni wangu. Umeupata wapi?»

«Usiniulize. Umeandika mnangoja kuitwa.»

«Si tunangoja! Toka mwezi wa kwanza tunangoja! Unataka tuje tukuvunjie mlango?»

«Kwetu mtu huja akauliza.»

«Hapa siyo kwenu.»

«Nimekaa hapa miaka yote hii, Gawen Birkett, leo ndiyo unaniambia hapa siyo kwangu?»

Dinah akasema, «Nyamaza, mzee, umeharibu.» Kisha akamwambia Hannah, «Mwenzangu, kila jioni nilikuwa navaa koti nafika mpaka getini kwako. Kila jioni. Halafu narudi. Niliogopa ukiniona utadhani nimekuja kukwambia amekufa.»

Hannah akamtazama. Sijawahi kuona uso mtupu kama ule, bwana, hata kwa mfu. Halafu akanigeukia mimi.

«Nizungukie,» akasema.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu. Nilipaswa kuchukua kofia nikaenda. Lakini mzunguko una maneno yake, lazima mfiwa akupe jina la kulibeba, na mimi desturi imenikaa kichwani kama msumari. Nikauliza, «Nikifika mlangoni niseme nini?»

«Sema Lanty amekufa,» akasema. «Lanty wangu amekufa mlimani. Waambie waje.»

Nilizunguka nyumba zote siku hiyo hiyo. Hakuna mlango niliopiga hodi mara mbili. Wengine walikuwa wameshavaa kabla sijamaliza kusema.

Bado wewe ni mmbea. Dinah anakusalimu na anasema Mungu akubariki. Mimi sijafika huko.

Gawen Birkett


Gillhead, Skelgarth.
24 Machi 1897

Bwana Pargeter,

Walikuja Jumatatu. Nyumba ilijaa mpaka jikoni na uani.

Kasisi hakuja, na hakukuwa na jeneza. Wanaume hawakujua wafanye nini. Mtu wa huku akija msibani huja kubeba, na hakukuwa na cha kubeba, wakabaki wamesimama na mikono yao inaning'inia. Mwishoni Gawen akasema hivi hatuwezi, akawapanga wakaibeba meza yangu kubwa. Waliibeba mabegani wakaitoa mpaka getini, wakasimama hapo kimya, wakairudisha. Ukisikia utacheka. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitembea nyuma yake.

Wameniahidi theluji ikiyeyuka juu watapanda tena kumleiti. Wakati huu sitawazuia.

Dada yangu nimemwandikia kwamba siendi Barrow. Kondoo wanabaki. Kondoo wa Lanty wanakaribia kuzaa na Gawen atatuma mtu, ingawa anasema atakuja mwenyewe kwa sababu hakuna anayejua kazi ila yeye.

Sijalia. Nilidhani nikitamka nitalia, na nikatamka, na nikabaki vilevile. Dinah anasema itakuja. Analala hapa siku hizi, anakoroma. Nimeanza kuwa na njaa asubuhi, basi.

Katika kifurushi hiki kuna mkate. Tunauita arvel. Kila aliyealikwa hupewa mmoja mdogo, haruhusiwi kuula kwenye nyumba ya msiba. Anakwenda nao kwake, anaula chini ya paa lake. Ndivyo msiba unavyogawanywa. Gawen hakuweza kufika Cheltenham, kwa hiyo nakuleiti mimi mwenyewe, ingawa siku imepita na si desturi ya Skelgarth wala ya Thorsdale. Utakuwa umekauka utakapofika. Uloweke kwenye chai.

Hannah Mounsey


Cheltenham.
31 Machi 1897

Bi Mounsey mpendwa,

Profesa amejua. Aliutaka ukurasa wa Bwana Birkett, nikamwambia uko wapi. Sikusema uongo, sikuwa na nguvu za kuutunga. Amesema mashahidi wa Skelgarth wameshachafuliwa, na vikaratasi vyako na vya Hollins vimetolewa kwenye sanduku. Maana ya kutafuta itabaki, ina mashahidi kutoka mabonde mengine. Ile ya kualika watu msibani haitachapishwa. Nilibishana naye, nilipandisha sauti kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa, na nilishindwa. Inaniuma. Ilikuwa maana nzuri kuliko zote za herufi L, na wanaoijua ni ninyi peke yenu sasa, pamoja nami.

Sikufukuzwa. Nimehamishiwa chumba cha chini, kufunga vifurushi.

Mkate ulifika jana. Niliupandisha chumbani, nikafunga mlango, nikaketi. Sikuuloweka. Nilipofika pale barua yako inapotaja chai, nilishaanza kuula. Ulikuwa mgumu na niliula wote, mpaka makombo ya kwenye karatasi, na katikati yake nilianza kulia, mtu mzima mimi, kwa ajili ya kijana niliyemjua kwa mstari mmoja wa penseli. Sijui kama hayo yalikuwa machozi yangu au yako yaliyokosa njia. Kama ni yako, basi yamefika salama.

Bi Gadsby alinisikia akapanda ngazi. Akasimama mlangoni na taa yake.

«Bwana Pargeter, umefiwa?»

«Ndiyo, mama.»

«Masikini. Ni ndugu?»

«Hapana,» nikamwambia. «Ni jirani.»

Edwin Pargeter